Boksi Jeusi Lenye Shanga

Umeme ulikatika saa kumi na moja kasoro alfajiri, na kile kisanduku cha kushika umeme kikaanza kulia chumbani kwa Ebenezer. Pii. Kinanyamaza kidogo. Pii. Hulia hivyo kuwaambia wenye nyumba kwamba umeme umekwenda na zimebaki dakika chache za kuzima mashine vizuri. Kwa miaka mitano nilikuwa naisikia sauti hiyo nikiwa kitandani, halafu nasikia ndala za mwanangu, pata, pata, pata, anakwenda kuzima. Nikishasikia ndala nageukia ukutani na kulala tena.

Alfajiri hiyo nilisubiri ndala. Nilikuwa najua, lakini nilisubiri. Kisanduku kililia mpaka kikaishiwa nguvu, kikanyamaza chenyewe.

Ebenezer tulikuwa tumemzika Machame wiki sita zilizopita. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Ini lake liliugua taratibu kwa muda mrefu, halafu likaugua haraka.

Niieleze hiyo mashine. Mwanangu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha umma hapa Arusha. Kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi, yeye na wenzake walipunguzwa kazi. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua marobota ya mitumba, wengine pikapu. Yeye alinunua kompyuta. Nilimlaumu kwa kunyamaza, maana mtu mzima humgombezi. Lakini alijifunza usiku na mchana, akapata kazi kwenye ofisi moja ya intaneti mjini, na ile kompyuta yake akaiweka hapa nyumbani, Daraja Mbili, na antena juu ya paa.

Aliiita seva. Nilipomuuliza kazi yake alisema ni kama mtu anayekaa mlangoni: mtu wa mbali akigonga, seva inamletea ukurasa aliouomba. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa habari za watu wetu. Nani amejifungua, nani amepata kipaimara, nani amelazwa, barabara ipi imekatwa na mvua. Watu waliotawanyika kwa sababu ya kazi, Dar, Mwanza mpaka Ulaya, walikuwa wakigonga kila Jumapili.

Aliyegonga kuliko wote ni Irine, mdogo wake, ambaye ni muuguzi Norwei. Ebenezer alimtengenezea kona yake humo ndani, inayofunguka kwa neno la siri analolijua yeye tu. Humo waliandikiana mambo yao.

Ebenezer alipozidiwa alimwomba Irine aje. Irine hakuweza. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa hazijakamilika, na akitoka asingerudi. Wakagombana kwa simu. Mwanangu alisema neno baya, kwamba basi asije hata kumzika. Irine akamwandikia barua kali. Sijui yote aliyoandika, ila aliniambia mwenyewe akilia kwamba alimwita kaka yake mtu wa kupenda mashine kuliko mwili wake. Siku ya Alhamisi Ebenezer alimtumia ujumbe mfupi: nimesoma, nakuandikia, jibu utalikuta kwenye kona yako Jumapili. Ijumaa akafa.

Jumapili Irine aligonga, na seva haikuwepo. Mashine ilikuwa imezimwa, imetolewa nje, maana kulikuwa na msiba.

Tangu hapo alikuwa ananipigia kila juma. Hakuulizia mazishi tena. Aliulizia kama ukurasa umefunguka. Nilimwelewa. Kuna mtu alimkasirikia, na yule mtu alisema atamjibu.

Ndiyo maana nilimwomba Namelok aje. Namelok alikuwa anafanya kazi na Ebenezer, msichana wa Kiarusha, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuja Jumamosi baada ya kazi, akaniamkia shikamoo kwa kuinama kidogo kama watoto waliolelewa vizuri, na kabla ya kukaa alivua viatu ingawa sikumwambia. Alikuwa amekuja na chupa yake ya chai ili nisihangaike jikoni. Mambo hayo madogo nayaandika kwa sababu siku zile kila aliyenipunguzia hatua moja alikuwa amenibeba.

Mashine iliwaka bila shida. Feni ilizunguka, kioo kikajaa maandishi meupe. Namelok alinieleza kila alichofanya, kana kwamba nami nilikuwa fundi. Alisema kompyuta yenyewe ni nzima, ni kama nyumba ambayo taa zinawaka, ila yule wa kukaa mlangoni ndiye aliyegoma kuamka. Akaandika amri ya kumwamsha. Likatoka jibu la mstari mmoja, akatikisa kichwa.

Kwanza alidhani ni kwa sababu mashine ilizimwa ghafla. Alisema ikizimwa hivyo huacha nyuma kikaratasi kinachosema niko kazini, na ikiwashwa upya inakikuta kile kikaratasi na kudhani kazi inaendelea. Alikitafuta, akakikuta, akakifuta. Akajaribu tena. Safari hii jibu lilikuwa tofauti. Akasema hiyo ni dalili njema, tumeondoa tatizo moja, sasa tunaliona la pili.

La pili lilimchukua muda. Seva ilikuwa inasema haiwezi kulifungua daftari lake, lile inamoandika nani amegonga na saa ngapi, na kama haina pa kuandika basi haianzi kazi. Namelok akafungua faili la maagizo, yale ambayo mashine huyasoma kila inapoamka, akawa anayapitia mstari kwa mstari. Ghafla akacheka, halafu akaziba mdomo.

Nikamuuliza kuna nini. Alisema mistari inayoanza na alama ya reli, hii #, mashine huiruka, haisomi, ni maneno ya fundi kwa fundi mwenzake. Ebenezer alikuwa ameijaza mistari hiyo.

“Hapa ameandika, ‘Namelok, najua utafika hapa siku moja. Usiguse kitu, kunywa chai kwanza.’”

Tukanywa chai. Yeye alifuta macho kwa ukingo wa kitenge alichojitanda, akarudi kusoma. Chini zaidi alikuta mstari mwingine wa reli, akausoma polepole: “Daftari na kurasa zote ziko kwenye boksi jeusi. Lisichomolewe.”

Akazunguka nyuma ya mashine. Siku ya msiba, jirani yetu mwalimu Nathanaeli alikuwa amefunga vipande vya kitambaa kwenye nyaya, kila waya na tundu lake rangi moja, ili zikirudishwa zisichanganywe. Yeye mwenyewe hajui kompyuta, lakini alifikiria hilo wakati wengine tunalia. Namelok akavihesabu vile vitambaa, akakuta kimoja kwenye tundu lisilo na waya.

“Mama, hiki cha zambarau mwenzake yuko wapi?”

Nilisema sijui.

Nilisema uongo, kwa mtoto aliyekuja na chai yake. Akaanza kutafuta, chini ya kitanda, kabatini, kwenye stoo ya Nathanaeli ambako mashine ilihifadhiwa siku za msiba, mpaka magoti ya suruali yake yakawa meupe kwa vumbi. Nami nimekaa kwenye kiti cha mwanangu, natazama mikono yangu, kwa sababu mikono hiyo ndiyo iliyolitoa lile boksi.

Ilikuwa hivi. Kwetu, siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu hugawiwa mbele ya watu. Koti lilikwenda kwa baba yake mdogo, Naftali, viatu kwa binamu yake, saa kwa mtoto wa binamu. Anayepewa hupokea kwa mikono miwili, na kilichotolewa siku hiyo hakirudi. Kukirudisha ni kama kumwambia mtu kwamba hakumpenda marehemu vya kutosha.

Vitu vilipokwisha ndipo nikamwona Naipanoi amesimama nyuma kabisa, karibu na mapipa ya maji. Naipanoi ni mama wa Kiarusha wa upande wa Ngaramtoni, alikuwa akituletea maziwa tangu watoto wangu wadogo. Nilipomzaa Irine niliugua, nikalazwa miezi miwili, na mume wangu alikuwa safarini. Naipanoi alimchukua Ebenezer, akiwa na miaka minne, akambeba mgongoni mpaka kwake, akamlea na watoto wake. Aliporudi alikuwa ananuka moshi, anaongea Kimaasai, na mimi ananiita mama lakini Naipanoi anamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Hakuacha kumwita hivyo mpaka alipokufa. Na huyo ndiye aliyebaki mikono mitupu, amesimama kando ya mapipa.

Nilikimbilia chumbani. Hapakuwa na kitu. Vitu vya mashine vilikuwa vimepangwa kwenye korido vikingoja kurudishwa, na juu yake kulikuwa na boksi dogo jeusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Nililijua. Ebenezer alikuwa akilifuta vumbi kila siku kwa kitambaa laini, na lilikuwa na taa ya kijani iliyowaka usiku kucha karibu na kichwa chake. Nikasema moyoni, hiki alikipenda. Nikampa Naipanoi, pamoja na waya wake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakibana kifuani.

Nilidhani ni redio.

Jioni hiyo Namelok aliniaga akisema atarudi kesho baada ya ibada, atatafuta tena. Usiku Irine akapiga. Nikamwambia fundi amefika, bado anahangaika. Akasema, “Mwambie asiisome hiyo barua, mama. Hata kama anaweza. Nataka niikute mwenyewe pale aliposema nitaikuta.” Nikamwahidi.

Asubuhi Namelok alipofika nilimwambia yote mlangoni, kabla hajavua viatu, ili aweze kuondoka kama amekasirika. Hakukasirika. Aliniuliza tu kwa nini nilimwacha atambae chini ya kitanda. Nikasema niliona aibu, na nilikuwa naogopa kwenda kuliomba.

“Basi tutaogopa wote wawili,” akasema. Akaenda kuazima pikapu ya ofisi.

Ngaramtoni siku hiyo ilikuwa na ukungu, mlima Meru ulifichwa wote, unaona mashamba ya mahindi halafu weupe. Naipanoi alikuwa zizini. Alituona kwa mbali akapangusa mikono, akamsalimia Namelok kwa takwenya, salamu yao, mimi akanishika mikono yote miwili bila kuiachia. Alimtambua Namelok tangu msibani, akasema kumbe nimemletea msichana wa kompyuta, basi leo ng'ombe wake wataandikwa majina. Tulicheka wote watatu, na nikaona jinsi nilivyokuwa sijacheka siku nyingi.

Ndani ya nyumba yake hakukuwa na umeme. Boksi lilikuwa limetundikwa juu ya kitanda chake. Alikuwa amelishonea mfuko wa shanga, za buluu na nyeupe na nyekundu kidogo, umelibana pande zote, na mkanda wa shanga wa kutundikia. Kazi ya wiki sita, kwa macho yake yale ya uzee.

Nilikaa. Nilisema nilichokuja kusema, na nilikisema vibaya, narudia rudia. Kwamba sikujua ni nini. Kwamba maneno ya Ebenezer yamo humo. Kwamba dada yake anayasubiri, na kwamba sikuja kumnyang'anya, najua kwamba kilichotolewa hakirudi.

Namelok aliangalia mlangoni. Kisha Naipanoi akauliza kitu kimoja, kama ni kweli kwamba ndani mna maneno ya mtoto.

“Ni kweli, koko,” Namelok akamjibu, akimwita bibi kwa lugha yao. “Yote aliyoandika miaka mitano.”

“Nami nimelala nayo juu ya kichwa changu,” akasema Naipanoi, “sikusikia hata moja.”

Akasimama, akalishusha. Namelok aliulizia waya. Ikaonekana waya amefungia mlango wa ndama, na ndama wameutafuna. Naipanoi aliinamisha kichwa kwa aibu, na Namelok akamwambia waya si kitu, ofisini zipo tele, angefunga hata ndama kumi. Lakini mfuko wa shanga ulikuwa umelibana boksi sana, umeziba kitundu cha waya, na hautoki bila kukatwa. Namelok alisema tunaweza kujaribu kuusukuma taratibu. Naipanoi alikwishachukua kisu. Alikata uzi mwenyewe, mahali pamoja, na shanga zikamwagika kwenye sakafu ya udongo zikikimbilia kila upande. Nilipiga magoti nikaanza kuokota. Alinishika bega, akasema niziache, ataziokota yeye, anazijua.

Nilimwambia nitalirudisha. Akasema najua.

Nyumbani Namelok alisafisha kitundu kwa pamba na spiriti, maana masizi ya jikoni yalikuwa yameingia. Aliunganisha waya mpya kwenye tundu lenye kitambaa cha zambarau. Taa ya kijani ikawaka. Boksi lilitoa mlio wa kukwaruza, tik, tik, tik, Namelok akaweka mkono juu yake kama anayempapasa mtoto mwenye homa, na halikutulia mara moja. Baadaye alinionyesha kwamba picha nyingi za mwaka wa mwisho zimeharibika, hazifunguki. Ni ule moshi, na kugongwa. Sikumuuliza zilikuwa picha gani.

Akaandika ile amri. Hapakutokea neno lolote. Nikadhani imegoma tena. Akasema hapana mama, ikinyamaza ndiyo imeamka.

Aliniuliza kama nataka aione kona ya Irine, kama barua imo. Alisema anaweza kuifungua kwa mlango wa nyuma, ni mafaili tu. Nikamwambia alichosema Irine. Akaondoa mikono yake kwenye kibodi, akaiweka mapajani, na kibodi hakuigusa tena. Jambo hilo sitalisahau. Alikuwa amemfahamu Ebenezer kuliko sisi kwa mambo mengi, naye alikuwa na kiu yake.

Nikampigia Irine. Nikamwambia, mwanangu, gonga.

Nilisikia kibodi yake huko Norwei, kisha pumzi. Kwenye kioo chetu, katika lile daftari la seva, ukatokea mstari mmoja mpya. Namelok akanionyesha kwa kidole: huyu ni Irine, amefika mlangoni. Na mstari wa pili: amefungua.

Irine alisoma kwa sauti, kwa sababu nadhani hakuweza kukaa nayo peke yake.

“Irine. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna ukweli ndani yake, na wewe unajua sipendi kusema hivyo. Lile la mazishi nililisema kwa maumivu, usilibebe. Chumba chako nimekipaka rangi. Mama ndiye aliyechagua rangi, usimcheke. Kuna jambo kubwa nataka kukuambia lakini leo vidole vimechoka. Nitamalizia kesho.”

Nilisubiri aendelee.

“Imeishia hapo, mama,” akasema. “Hiyo kesho ilikuwa siku gani?”

“Ijumaa,” nikamwambia.

Nilisikia mvua upande wake, au labda ni simu. Namelok alikuwa ametoka kimya kimya, amekwenda kuosha vikombe jikoni, vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kwa wiki mbili Namelok alikuja kila jioni kuhamishia kila kitu kilichosalia kwenye diski nyingine, ili seva isihitaji boksi. Katika yale maagizo aliufuta mstari wa mwanangu uliosema lisichomolewe, kwa sababu haukuwa kweli tena, lakini ule wa kunywa chai aliuacha. Kisha tulichomoa waya. Kitambaa cha zambarau nilikifungua nikakiweka kwenye Biblia.

Nililirudisha boksi mwenyewe, siku ya Jumatatu. Naipanoi alikuwa ameziokota shanga zote, amezipanga kwenye bakuli tatu kwa rangi. Alilipokea kwa mikono miwili kama mara ya kwanza. Hakuuliza kama bado mna maneno ndani. Niliona afadhali nimwambie kwamba maneno tumeyachukua, boksi sasa limebaki tupu kidogo. Akasema si tupu, lilikaa karibu na kichwa cha mtoto.

Kisha akauliza mtoto alisema nini. Nikamwambia yote, mpaka pale pa kumalizia kesho. Alikuwa anatunga shanga ya buluu, uzi ukamkosa mara mbili. Nikaushika mimi, nikautia tunduni kwa ajili yake, ingawa macho yangu si mazuri kuliko yake. Tukakaa hivyo, yeye anatunga, mimi natia uzi, mpaka ng'ombe waliporudi.

Niliposimama kuaga alinisindikiza hadi kwenye ua wa miba. Ukungu ulikuwa umeshuka tena. Alishika mkono wangu.

“Njoo tena, mama Ebenezer,” akasema. “Njoo hata kama huna cha kuchukua.”